Manyani Pati Tu

Nilivaa koti la binamu yangu, nikavuta kofia ya sufi hadi kwenye nyusi, na shilingi 300 nikazishika mkononi tangu nyumbani ili nisihangaike mlangoni. Kucha nilikuwa nimeshazifuta rangi. Ilikuwa Desemba 2015, likizo ya kumaliza kidato cha tatu, na msichana hakuwa na shughuli yoyote kwenye banda la video la mtaani kwetu Muleba. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi, na Bibi hakuwa na sheria nyingi.

Kwenye kibao cha mlangoni iliandikwa kwa chaki: MANYANI PATI TU, SAA 11 JIONI. Mwalimu wangu wa biolojia angetaka niandike sokwe, maana nyani ni mnyama mwingine kabisa, lakini kibao kilisema manyani na kwetu wamebaki manyani mpaka leo. Filamu yenyewe ni Dawn of the Planet of the Apes ya Matt Reeves, iliyotoka 2014. Hadithi hiyo ya masokwe wanaoitawala dunia ilianza kwenye sinema mwaka 1968, ikaendelezwa, ikachoka, na mwaka 2011 ikaanzishwa upya kana kwamba haijawahi kusimuliwa. Ya 2014 ndiyo iliyofuata. Sisi ya 1968 hatukuijua. Kwetu ilikuwapo pati wani, ambayo nusu ya banda walikuwa wameiona na nusu nyingine waliwaomba wenzao wawahadithie kabla umeme haujakatika.

Banda lilikuwa la mabanzi na bati, mabenchi manane, televisheni moja na spika mbili zilizowekwa juu ya kreti za soda. Diski nyingi zilitoka Uganda kwa njia ya Mutukula, zikiwa tayari na sauti ya mtafsiri wa Kiganda. Sisi Wahaya Kiganda tunakishika bila kufundishwa, lakini walikuwapo wavuvi wa kutoka visiwani na vijana wa mikoa mingine, hivyo mwenye banda alipunguza sauti, akasimama pembeni na maikrofoni yake na kutusemea mwenyewe, Kiswahili hapa, Kihaya pale. Alikuwa fundi. Pale ambapo hakujua mtu amesema nini, alimpa maneno mazuri zaidi.

Filamu inaanza na ramani ya dunia. Mistari myekundu inatoka mji hadi mji, sauti za taarifa ya habari zinapishana, watu wamevaa barakoa, kisha taa za dunia zinazimika moja baada ya nyingine. Virusi vimetoka maabara, vimewaua karibu watu wote, na katika kila watu 500 amebaki mmoja ambaye mwili wake unavihimili. Banda zima likacheka.

Nataka nikieleze kicheko hicho vizuri, kwa sababu baadaye nilikuja kugombana na watu juu yake. Hakikuwa cha mtu aliyefurahi. Mtafsiri alisema, "Sasa na wao wameonja," na mtu wa nyuma akajibu, "Wamekawia." Hayo tu. Kisha mwenye banda akaeleza kwamba ugonjwa huo unaitwa mafua ya manyani, ingawa katika pati wani tuliona wenyewe daktari akiutengeneza kwenye chupa, na mabenchi ya mbele wakapiga kelele: "Wamesingiziwa!"

Kuanzia hapo banda lilikuwa upande wa manyani. Caesar, kiongozi wao, aliitwa Mzee. Alipowafokea binadamu waondoke msituni, watu walisimama. Lakini aliyependwa zaidi mwanzoni alikuwa Koba, yule sokwe mwenye jicho bovu na makovu ya maabara, na sababu utaijua ukilitamka jina lake taratibu. Ondoa bu- kwenye Bukoba, kinabaki nini? Watu wa Muleba wana yao na watu wa Bukoba mjini, wanaowaona wajuaji na wapenda maneno, na hapo ghafla Hollywood ilikuwa imewaletea Mbukoba halisi. Kila Koba alipotokea: "Huyo wa mjini!" Kila aliponuna: "Kanyimwa kahawa!"

Basi Koba anakwenda kuwapeleleza binadamu kwenye ghala lao la silaha. Anawakuta walinzi wawili, na badala ya kukimbia anaanza kufanya upumbavu: anatoa ulimi, anabingirika, anapiga makofi kama sokwe wa sarakasi. Walinzi wanacheka na kumwacha aende. Anarudi mara ya pili, wanacheka tena, wanampa pombe yao. Nasi tulicheka. Nilicheka hadi kofia ikanidondoka. Koba akachukua bunduki kama anachezea toi, akawapiga risasi wote wawili.

Sijasikia tena ukimya kama ule mahali penye watu themanini. Sauti moja tu ilitoka benchi la katikati, ya utu uzima: "Niliwaambia msimcheke."

Alikuwa mzee aliyepigana vita vya Kagera, au angalau hivyo alivyosema, na baada ya hapo aliigeuza filamu yote kuwa darasa lake. Alitaka kujua kwa nini binadamu wa San Francisco wamekaa tu wakati adui anakuja kwa farasi. "Vunjeni daraja! Amin alilipua la Kyaka mwaka 1978, kwani nyie hamjui?" Vijana wakamwambia mzee, hao ndio Amin, sisi ni manyani. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi wasilivunje."

Binadamu wanataka bwawa lililoko msituni ili wapate umeme, na wakifanikiwa, taa za mji zinawaka. Hapo ilitokea jambo ambalo Matt Reeves hakulipanga. Wakati huo umeme wetu wa Bukoba na Muleba ulikuwa ukitoka Uganda, kwa njia ya Masaka, na kukatika ilikuwa sehemu ya siku kama kunyesha. Kila mtoto wa kwetu anajua kelele ya umeme ukirudi. Inaanzia bondeni na kupanda mlima nyumba kwa nyumba. Taa za San Francisco zilipowaka, banda zima, lile lililokuwa upande wa manyani, likaitoa kelele hiyo hiyo. "Umerudiii!" Mtoto wa nje aliyekuwa akichungulia kwenye ufa akakimbia kwenda kuwaambia kwao.

Ni katika kelele hiyo nilipogeuka nikamwona Bibi mlangoni.

Alikuwa ameshika fimbo ya kufukuzia mbuzi. Mtu wa mlangoni alikuwa amesimama kando kwa heshima na hakumdai pesa. Nilitaka kuinuka, lakini Bibi hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akitazama televisheni.

Kwenye televisheni alikuwapo Dreyfus, kiongozi wa binadamu, yule anayechezwa na Gary Oldman. Ni mtu ambaye banda lilikuwa likimzomea tangu mwanzo. Umeme umerudi, wenzake wanashangilia, naye yuko peke yake chumbani. Kishikwambi chake, kilichokufa miaka na miaka, kinawaka. Kinaleta picha. Ni watoto wake wa kiume, wadogo, wanacheka. Anazipitisha kwa kidole moja moja na kulia bila sauti.

Mwenye banda alikuwa na maikrofoni mdomoni na hakutafsiri. Hakuna aliyemzomea Dreyfus. Fupi sana ile sehemu, nimeshaipima: dakika haifiki. Kisha hadithi ikaendelea, Koba akampiga risasi Mzee wake mwenyewe na banda likalipuka kwa hasira. Bibi alinigusa bega kwa ncha ya fimbo, tukatoka.

Njia nzima nilisubiri kuchapwa. Tulipita migombani, giza lilikuwa limeshaingia, na kwenye taa za barabarani vijana walikuwa wakikimbizana na senene wa mwishomwisho. Tulipofika kwenye mteremko, Bibi akauliza:

"Yule mzungu. Watoto wake walikuwa wangapi?"

"Wawili, waitu."

Tukatembea.

"Mimi wanne."

Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983. Wakati huo haukuwa na jina hilo. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za fasheni zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na lawama ikaenda huko huko: kwa wafanyabiashara, kwa Waganda, kwa wanawake waliovaa nguo hizo, na nguo na wanawake vilipokwisha, kwa jirani mchawi. Mtoto wa kwanza wa Bibi alikufa 1989. Wa mwisho alikuwa mama yangu, 2001, nami nina miaka miwili. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Nimeiandika hesabu hiyo mara nyingi na kila mara inabaki mitatu.

Usiku ule wa Desemba Bibi alitoa chini ya kitanda kopo la biskuti lenye picha ya malkia wa Kizungu kwenye kifuniko. Nililijua kopo, sikuwahi kuona ndani. Zilikuwa picha kumi na moja. Alizipanga juu ya mkeka kwenye mwanga wa koroboi, wanne wote, ubatizo, harusi, mmoja akiwa na baiskeli. Mama alikuwa kwenye mbili. Nilizitazama mbio mbio kama mtu anayeogopa atanyang'anywa. Mfukoni nilikuwa na simu ya binamu yangu, yenye kamera, mbaya lakini kamera. Haikunijia hata kidogo kupiga picha ya picha. Nilidhani kopo litakuwapo.

Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, saa 9 na dakika 27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Mimi nilikuwa shuleni, bwenini. Bibi alikuwa Bukoba mjini, Hamugembe, kwa shangazi, amekwenda kutibiwa macho, na popote alipolala zaidi ya siku moja alikwenda na kopo lake. Ukuta wa chumba aliposhukia ulianguka upande wa ndani. Yeye alikuwa uani anachambua maharage, akapona. Walilala nje siku kadhaa, kama mtaa mzima, na mvua ikanyesha usiku wa pili. Walipokuja kufukua, kopo lilikuwa limepasuka na picha zimekuwa uji. Moja ilibaki, ya mjomba na baiskeli, na katika hiyo kinachoonekana vizuri ni baiskeli.

Bibi hakusema neno kuhusu hilo. Watu 17 walikuwa wamekufa mkoani, na kulilia karatasi kungekuwa aibu.

Filamu ilinirudia Machi 2023. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza, sina kazi, naishi kwa shangazi huyo huyo Bukoba. Tarehe 21 serikali ikatangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu upande wa vijijini ni Marburg. Ndoo za maji zikarudi milangoni, mikono ikaacha kushikana. Walioambukizwa walikuwa 9 na waliokufa 6, na mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, lakini katikati ya hapo hakuna aliyejua hesabu itaishia wapi. Na katika wiki hizo, kwenye simu za vijana wa mtaani, watu walikuwa wakirushiana Manyani. Ile ile, na ile iliyoifuata ya 2017. Nilimuuliza kijana wa bodaboda kwa nini aangalie kitu kama hicho wakati kama huo. Akaniambia anaruka mbele hadi kwenye ramani, anaitazama, anazima.

Mimi nilikwenda kusoma. Marburg ni mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara pale, na wengine Frankfurt na Belgrade, waliugua baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya utafiti. Watu 31 waliambukizwa, 7 wakafa. Na hapa kuna kitu ambacho kikinijia usiku sipati usingizi kwa kukistaajabia. Kati ya 1966 na 1969, wakati tumbili wa Uganda wanasafirishwa kwenda kufungiwa Ulaya, sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya walikuwa wakisafirishwa kuja huku. Mjerumani Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt waliwaachia huru kwenye kisiwa cha Rubondo, ziwani, kusini mwa maji ya Muleba. Wengine walikuwa wamezoea mavazi na chakula cha watu. Wakaingia msituni, wakajifunza, wakazaa. Wajukuu zao wako pale leo. Pati wani na pati tu zimetokea kwetu kabla Hollywood haijawaza kuzirudia, na wavuvi waliokaa nami kwenye benchi lile wanapita karibu na kisiwa hicho na nyavu zao.

Hayo yote niliyapeleka kwenye semina ya shahada ya uzamili, mwaka 2024. Utafiti wangu ni juu ya watazamaji wa mabanda ya video. Kuna walioandika vizuri kuhusu watafsiri wa Dar es Salaam, kama marehemu Lufufu, na sauti zao. Mimi nilitaka kuandika juu ya waliokaa kwenye mabenchi. Nikaeleza ramani na kicheko. Mwenzangu mmoja, mtu mwerevu na ninayempenda, akasema huenda hawakuielewa filamu, mtafsiri mwenyewe alikuwa akitunga. Mwingine akaongeza, kwa utani, si ndiko huko Kashasha ambako watu walicheka hadi shule ikafungwa?

Ndiko. Januari 1962, shule ya wasichana ya Kashasha, kwetu Muleba ya leo. Walianza watatu, wakafika 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi, na kicheko kikasambaa hadi Nshamba na kwingine. Dunia inakisimulia kama kichekesho. Madaktari waliokwenda kuwaona wasichana hao waliandika kwamba walikuwa wakicheka na kulia, wana wasiwasi, wengine wanahisi wanafukuzwa na kitu. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Semina ikawa kimya, kisha tukaenda kwenye chai.

Kilichoniudhi sikukisema pale. Mimi mwenyewe, kwenye rasimu yangu ya kwanza, nilikuwa nimeandika kwamba Bibi "aliitazama filamu bila kuifahamu lugha wala hadithi yake". Sentensi hiyo ilikuwa safi sana. Mwaka huo huo nilikwenda kuona Kingdom of the Planet of the Apes kwenye ukumbi wa sinema Dar es Salaam, viti vya kuegemea, bisi, baridi ya kiyoyozi. Hakuna aliyesema neno kwa zaidi ya saa mbili. Mtu wa pembeni yangu alikohoa na akaomba radhi.

Desemba nikaenda Muleba na kompyuta yangu. Bibi haoni vizuri sasa. Lazima asogeze uso karibu. Nilimuuliza kama anaikumbuka ile siku ya banda. Akasema anaikumbuka fimbo, maana niliisahau njiani. Nikamwekea pale pale, Dreyfus na kishikwambi. Akatazama hadi mwisho, akaniambia nirudishe. Nikarudisha.

"Kabla umeme haujarudi, alikuwa amezificha wapi?"

"Zilikuwa humo humo, waitu. Zilikosa umeme tu."

Akakaa kimya kwa muda. Kuku alipita kati yetu. Kisha akauliza kama mashine hii inaandika au inaonyesha picha peke yake. Nikamwambia inaandika.

"Basi andika."

Nilifungua ukurasa. Betri ilikuwa imebaki asilimia 31, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Bibi akafumba macho na kuweka viganja juu ya mkeka, mbali mbali, kama mtu anayepanga vitu.

"Ya kwanza ni ya mama yako. Amevaa gauni la maua makubwa. Mkono huu ameshika mgomba, ule uliokuwa pale kwenye shimo, ulishakatwa. Viatu si vyake, aliazima. Anacheka." Akasimama. "Hapana, futa hiyo. Alitaka kucheka, mpiga picha akamkataza."